Pima Mia Sita za Jambiani

Kazija binti Machano alikuwa mfupi, na afadhali tuliseme hilo mapema, maana watu wa mtaa wake wa Mpendae, mjini Unguja, walilisema kila siku na yeye mwenyewe hakuchukia. Kwenye kiti cha ofisi miguu yake ilining'inia, ikabidi aweke boksi la sabuni chini ya meza apate pa kukanyagia. Vidole vyake lakini, wallahi, havikuwa na mfano. Akishaikalia mashine ya chapa, mabwana waliokuja na barua zao za mkono walisimama mlangoni kumtazama hadi wakasahau walichofuata.

Kazi hiyo aliianza mwaka 1964, akiwa na miaka ishirini na talaka moja. Mwaka ule ofisi za mjini zilikuwa na meza nyingi kuliko watu, na yeyote aliyejua kusoma vizuri aliitwa akaonyeshwa kiti. Kazija alijifunza kupiga chapa kwa wiki sita, akapewa nafasi katika shirika moja la serikali lililonunua bidhaa za vijijini. Mama yake, Bi Biasha, alimshukuru Mungu na kuona mambo yamekwisha. Binti ana mshahara, ana kiti, ana dirisha linaloingiza upepo, sasa anataka nini tena?

Alichokitaka Kazija kilikuwa nje ya dirisha hilo. Kila siku alipiga chapa barua za wanunuzi wa shirika, watu waliopanda lori wakaenda Makunduchi na Chwaka na Nungwi, wakakaa na wenye mali, wakapatana, wakarudi na mzigo. Barua zao, Mungu awasamehe, zilikuwa ovyo. Mmoja aliagiza nazi akasahau kusema ngapi. Mwingine aliwaandikia wavuvi kwa ukali, ungedhani anawaita mahakamani. Kazija alizinyoosha kimyakimya na kuzirudisha zikiwa safi, na wenyewe wakadhani ndivyo walivyoziandika. Moyoni alijua kwamba kazi ile angeiweza kuliko wao. Alitaka kuwa mnunuzi, hakutaka kingine, na alikitaka hicho mpaka kikamuuma.

Basi mwaka 1967 ilipotangazwa kwamba kutakuwa na masomo ya biashara ya jioni, miaka miwili, kwa wafanyakazi, yeye alikuwa wa tatu kuandika jina. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo huko Mlandege. Wanafunzi waliingia baada ya alasiri, wengine bado wana vumbi la kazini, na walitoka kabla ya magharibi. Chini watu wakinadi, wakigombana, wakigonga mabati, na juu Mwalimu Gharib akijitahidi kusikika. Alikuwa mtu mwembamba wa kanzu iliyopigwa pasi kila siku, na chaki zake alizihesabu mbele ya wanafunzi kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, asije mtu akaondoka na kipande.

Zoezi la kwanza lilikuwa barua ya kuuliza bei ya mikeka. Kazija, bingwa wa kunyoosha barua za wenzake, aliiandika ya kwake kwa raha zote. Kesho yake Mwalimu Gharib aliishika juu akaisoma kwa sauti, tangu salamu nyingi zisizo idadi, hadi sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu nyinyi mlio mbali na upeo wa macho yetu. Alipogeuza ukurasa alinyanyua kichwa.

"Bi Kazija, mpaka hapa nshajua kama mama yako hajambo, na nshajua kama mvua imenyesha Mpendae. Bei ya mikeka iko wapi?"

"Iko chini, mwalimu. Huwezi kumvamia mtu na bei hujamwamkia."

Darasa lilicheka hadi muuza vyombo wa chini akagonga dari kwa fimbo. Mwalimu Gharib hakucheka. Aliandika ubaoni maneno matatu, nini, kiasi gani, lini, akasema barua ya biashara isiyokuwa na haya matatu ni hadithi. Kazija alikwenda nyumbani akaiandika upya kwa mistari minne. Mwalimu aliisoma, akakunja uso. "Sasa umeandika kama askari. Rudisha salamu moja." Aliirudisha, na tangu siku hiyo hakuna aliyemshinda kwa barua.

Jirani yake wa darasani alikuwa Bakar, karani wa bandarini, mtu mrefu kupita kiasi ambaye kwa miaka miwili aligonga kichwa kwenye kizingiti kilekile na kila mara akakishangaa. Walipokwenda pamoja kunywa kahawa baada ya darasa, wauza kashata waliwaita mishale ya saa, mfupi na mrefu. Bakar alikuwa mzuri wa utunzaji wa ghala, Kazija alikuwa mzuri wa barua, kila mmoja akamfundisha mwenzake palipompiga chenga. Bakar pia alitaka kuwa mnunuzi. Hawakulifanya siri, na lilipotangazwa kwamba shirika la Kazija litachukua mnunuzi mmoja tu kutoka kwa watakaohitimu, walitazamana wakacheka kidogo, kisha wakaendelea kunywa kahawa yao.

Mwaka 1969 likaja zoezi la mwisho. Wanafunzi waligawanywa wawiliwawili, kila jozi ikapewa ununuzi wa kweli kutoka shirikani, tangu barua ya kwanza hadi mzigo kuingia ghalani. Mmoja wa kila jozi alikuwa mkuu wa ununuzi na ripoti ilikuwa juu yake. Jozi ya Kazija na Bakar ilipewa kamba za makumbi ya nazi kutoka Jambiani, pima mia sita, na kura ya ukuu ikamwangukia Kazija.

Aliandika barua nzuri. Nini: kamba ya makumbi, unene wa kidole gumba. Kiasi gani: pima mia sita. Lini: tarehe kumi ya mwezi ujao. Na kwa kuwa Mwalimu Gharib alikuwa na wazimu wa vipimo, aliongeza kuwa pima moja ni futi sita. Malipo, kama ilivyokuwa desturi ya shirika, yangetoka baada ya ghala kuupokea mzigo na kuupima. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mwalimu wa skuli ya kule, likiwa na salamu ukurasa mzima na neno moja la biashara mwishoni: karibuni.

Walifika Jambiani na lori asubuhi. Wanawake waliosokota kamba walikuwa wamekaa kwenye uwanda karibu na mashimo ya pwani wanamofukia makumbi yaoze, na harufu yake, kwa asiyeizoea, ni ya kumrudisha mtu mjini. Kamba zenyewe zilikuwa zimekunjwa vizuri, mapeto kwa mapeto, rangi ya dhahabu iliyofifia. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanamkasi, mwanamke mzima mwenye viganja vigumu kwa miaka ya kusokota.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika salama? Nani mpimaji?"

"Huyu mwenzangu," alisema Kazija, na Bakar akashuka kwenye lori, akaendelea kushuka, akasimama wima.

Mwanamke mmoja alianza kuyarudisha mapeto yake ndani ya pakacha la makuti.

"Huyu hapimi," alisema Bi Mwanamkasi.

Ikabidi waelezwe. Kamba ya Jambiani hupimwa kwa mikono ya mnunuzi. Anaitanua, kutoka ncha ya kidole cha kushoto hadi ncha ya kidole cha kulia, na hiyo ndiyo pima. Matajiri wa zamani walilijua hilo, wakawa wanatafuta bandarini hamali mwenye mikono mirefu kuliko wote na kumleta kupima. Wanawake nao wakaweka sharti lao: mnunuzi ndiye mpimaji, lakini wao wana haki ya kumkataa. Bakar alitoa futikamba mfukoni akawaonyesha alama za futi. Bi Mwanamkasi aliigeuzageuza.

"Huu mkono wa nani?"

"Si mkono wa mtu, bibi. Ni futi sita. Imeandikwa kwenye barua."

"Barua tumesomewa. Ya kwenu nzuri. Pima ni hii," akatanua mikono yake. Kisha akamtazama Kazija, toka kichwani hadi miguuni, safari isiyochukua muda. "Mbona wewe hupimi, mwanangu? Si ndiwe mkubwa wa safari?"

Hapo ndipo Kazija alipoteleza, na tusimlaumu sana. Miaka mitano alikuwa amekaa nyuma ya mashine akiandika safari za watu. Leo amesimama mbele ya mali, watu wanamwita mkubwa, na kama hakupima atarudi na lori tupu. Alijifunga kanga kiunoni akapima. Wanawake walihesabu kwa sauti moja, kila pima ishirini wakafunga fundo, na furaha ikawapanda mpaka wakaanza kumtungia maneno ya kumsifu. "Mikono ya baraka hii!" Yeye alidhani wanamsifu kwa adabu yake. Kufika adhuhuri mabega yalikuwa yakimwaka, pima mia sita zimetimia, na wote wakakaa kula muhogo na pweza wa nazi. Mbele ya watu wote Kazija alisema, "Nimepokea pima mia sita," na Bakar akaandika.

Ghalani mjini, mtunza ghala alikuwa Shamsi, mtu asiyejua mikono ya mtu wala salamu. Alipima kwa fimbo yake ya chuma ya futi sita, akarudia, akamwita Kazija. Pima mia nne na themanini na tatu.

Kazija alikaa juu ya kamba zake. Alielewa mara moja, na aibu ilimpanda kuanzia shingoni. Zile sifa zote, kumbe zilikuwa za ufupi wa mikono yake.

Bakar alikuwa mtu mwema, na alichokisema alikisema kwa wema. "Andika mia nne na themanini na tatu. Ndizo zilizofika. Mwenye mali akileta pungufu, alama za mnunuzi hazikatwi. Shamsi amepima, ghala litalipa lilichopokea, na wewe umefaulu."

"Na wale wanawake?"

"Watalipwa walicholeta."

"Nimesema mia sita, Bakar. Nimesema mbele yao."

"Basi ukiandika mia sita nafasi huipati," alisema Bakar, na aliposema hivyo uso wake ulimwiva kwa haya, maana wote wawili walijua ingekwenda kwa nani.

Nyumbani Mpendae, Bi Biasha alikuwa anamenya muhogo aliposikia kisa chote, na kisu hakikusimama. "Wamekucheka hao. Wameona mikono yako."

"Wameona, mama. Na mie nlijua karatasi inasema futi sita, nikapima hivyo hivyo. Nikiandika pungufu, watasema serikali imekuja ikapima, ikarudi mjini ikapima tena. Nani atamuuzia mnunuzi wa namna hiyo? Hata nikiipata kazi, ntaifanya wapi?"

Bi Biasha alimsogezea muhogo wa kumenya.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema nini, kiasi gani, lini, na kosa la nani. Kosa, iliandikwa, ni la mkuu wa ununuzi, aliyeagiza kwa futi akapokea kwa mikono. Wauzaji walitimiza ahadi yao. Mwalimu Gharib aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Kwa ununuzi umefeli, Bi Kazija."

"Nnajua, mwalimu."

"Kwa ripoti sijapata kuona bora kuliko hii, lakini shirika haliajiri ripoti." Akavaa tena miwani. "Napeleka majina baada ya wiki tatu. Mzigo ukitimia pima mia sita za futi sita, na wenye kamba wakaridhika, ntaifuta alama nliyoiandika. Akilalamika hata mmoja, inabaki."

Kazija alirudi Jambiani peke yake, kwa basi la asubuhi. Aliwakusanya wanawake akawaambia yote bila kuyapamba, jinsi ghala lilivyopima, jinsi alivyoweza kuandika pungufu na hakuandika. Kisha Bi Mwanamkasi akaanza kucheka, tumbo likimtikisika.

"Mwanangu, siku ile tulipokuona una mikono ya kitoto, tukasema leo Mungu katukumbuka!"

Wote wakacheka, na Kazija naye akacheka, ingawa kilimchoma. Alipopata nafasi alipendekeza fimbo, ikatwe futi sita, ikae kwa Bi Mwanamkasi mwenyewe. Wakakataa. Fimbo hubadilishwa, walisema, leo mje na hii, kesho mjini watatuletea ndefu zaidi. Mkono wa mtu hauongezwi.

"Basi uwe mkono wa mtu," alisema Kazija. "Lakini mtu mmoja, siku zote, na awe wa kwenu. Asije tena mrefu wa mjini akakuumizeni, wala mfupi kama mie akaliumiza shirika. Hapa nani ana futi sita?"

Macho yote yalikwenda mahali pamoja. Nyuma kabisa alikaa mwanamke mmoja aliyejikunja kwa mazoea, magoti kifuani, kanga imevutwa hadi kidevuni. Aliitwa Time. Alikuwa msokotaji hodari kuliko wenzake, na kwa miaka yote alikatazwa kuigusa kamba siku ya kuuza, asije mnunuzi akamwona akapata fikra ya kumtumia kupima.

"Simama, Bi Time," alisema Kazija.

Alisimama, na kwa kweli alikuwa mtu wa kumtazama. Kazija alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa ili amfikie, akanyoosha futikamba kutoka kidole hadi kidole. Futi sita kasoro robo inchi.

"Hiyo robo tunawaachia," alisema Kazija.

"Miaka yote mmenambia nikae mbali na kamba!" alisema Bi Time, akaficha kinywa kwa kanga, na haikujulikana kama anacheka au analia.

Lilibaki neno la bei, na Bi Mwanamkasi hakuliacha lipite. Pima ya Time ni ndefu, inakula kamba. Kazija hakuwaahidi kitu asichokuwa nacho. Aliwaambia bei ni ya mkuu wa idara yake, Mzee Simai, na yeye atakachofanya ni kumweleza kwamba bei ya pima ipande kwa kadiri pima ilivyorefuka, ili zile zilizokwisha kuingia ghalani ziwalipe kilekile walichopatana naye siku ya kwanza, na zilizobaki zinunuliwe kwa bei hiyohiyo.

Mzee Simai alinung'unika siku mbili. Alipiga hesabu mara tatu akitafuta mahali shirika lilipopunjwa, asipaone. Mwisho alikubali kwa sababu ya jambo moja, kwamba kwa miaka mingi hakuwahi kununua kamba Jambiani bila ugomvi. Wiki ya pili lori lilirudi na mapeto yaliyopimwa na Bi Time. Shamsi alipima kwa fimbo ya chuma, akarudia kwa sababu hakuamini, akatia sahihi. Pamoja na zile za kwanza, mia sita. Na kutoka Jambiani ikaja barua, salamu ukurasa mzima, ikimwambia Mwalimu Gharib kwamba wameridhika wote na walikuwa wakimwombea afya.

Majina yalipelekwa, la Kazija na la Bakar yakiwa pamoja, na Mzee Simai aliyekaa chumba cha ndani alipita mbele ya meza ya Kazija asubuhi na jioni bila kusema lolote. Siku tisa. Kazija alipungua mwili, Bi Biasha akaacha kumtania.

Jumatatu aliletewa rundo la barua za kupigwa chapa, za Mzee Simai, kwa mwandiko wake uliolala. Mzee Simai alikuwa na tabia ya kuandika jina la mpelekewa chini kabisa, baada ya yote, na Kazija huacha nafasi juu akarudi kuijaza. Tena mpiga chapa mzuri hasomi. Macho huchukua neno, vidole hulitoa, maana hupita pembeni. Alimaliza ya nazi, akamaliza ya mikeka, akatia karatasi ya tatu na nakala zake mbili. Shirika linakuarifu kwamba umeteuliwa. Vidole viliendelea. Kuwa mnunuzi msaidizi. Hapo vikasita.

Alijua ni barua gani. Jina lilikuwa chini, limefunikwa na ukingo wa kitabu alichowekea karatasi isipeperuke, na alichohitaji ni kukisogeza tu. Hakukisogeza. Kama ni ya Bakar, aliwaza, Bakar anastahili barua isiyo na kosa. Akaendelea. Kwa vijiji vya kusini na mashariki. Kuanzia tarehe mosi. Utasafiri kwa lori la shirika. Kila neno lilitoka safi, kila nukta mahali pake. Alipofika mwisho alirudisha karatasi juu, penye nafasi ya jina, akakisogeza kitabu.

Alisoma mara moja. Akaweka mikono juu ya mashine, na ile mikono iliyosifiwa Unguja nzima ikakataa kushuka.

"Bi Kazija!" aliita Mzee Simai kutoka ndani.

"Naam."

"Barua yangu haijesha tu?"

"Bado jina, mzee."

"Jina la nani hilo, limekushinda?"

"Langu," alisema Kazija.